Bili ya Umeme

Nyamizi alifika ofisini mara ya tatu, siku ya mwisho ya kuomba ruzuku ya serikali, apate sola ya kuendeshea mashine yake ya kusaga. Ofisa aliipekua fomu yake kwa ncha ya kidole, kama anayegusa mzoga.

"Mama, mbona hujaambatisha bili ya umeme?"

"Kijijini kwetu hakuna hata nguzo, mheshimiwa. Ndiyo maana naomba sola."

"Sasa utathibitishaje kuwa huna umeme? Leta bili."

Mara umeme ukakatika, pangaboi juu yao likasimama. Ofisa, bila haya, akaikunja ile fomu akaanza kujipepea nayo.

Nyamizi akampokonya.

"Na wewe ukitaka upepo, leta bili."

Akatoka zake. Mkono wa ofisa ulibaki hewani, mtupu, ukiendelea kupepea.