Miiba Shambani kwa Mke Mwenza

Mashavu ndiye aliyemwita bwana shamba. Alitaka mtu mwenye elimu yake aseme kwa kinywa chake kwamba mumewe, alipowagawia wake zake shamba, alimpa Kibibi, mke mdogo, upande wenye rutuba. Mahindi ya Kibibi yalikuwa yamekoza ukijani. Yake yalisimama manjano kama wagonjwa, na kila asubuhi moyo ulimchoma.

Bwana shamba alichimba shimo kila upande. Aliulowesha udongo kiganjani, akausokota kati ya vidole.

“Mama, udongo ni ule ule.”

“Na mahindi je? Au macho yangu ndiyo mabovu?”

Bwana shamba alichokora shimo la upande wa Kibibi, akatoa majivu, maganda ya mayai na miiba ya samaki, mingi, ya zamani na mipya.

“Mwenzako hufukia taka za jikoni. Hiyo ndiyo mbolea yake. Nawe fukia za kwako.”

Mashavu aliikodolea macho ile miiba. Kwake, miaka yote ya ndoa, mume wao hula kunde. Samaki, husema, humvuruga tumbo.

Aliokota uti wa mgongo wa samaki changu, ungali mzima, akaufuta kwa pindo la kanga. Zamu siku hiyo ilikuwa yake. Mchana alipakua kunde, akaulaza ule uti juu yake, akafunika kawa, kisha akamwita mumewe kwa sauti laini kuliko siku zote:

“Baba Mwajuma, karibu chakula.”