Mdudu wa Pembe

Harufu ilifika kwa jirani wa tatu kabla ya saa nne asubuhi. Ilitoka kwenye sufuria kubwa ya mke wa Fundi Saa, ile anayopikia wageni, na ndani yake ilikuwa ikichemka pembe ya ng'ombe.

"Baba watoto, hiyo sufuria ndiyo basi tena," alisema mkewe, amebana pua. "Utaoa nayo mke mwingine."

"Ikiiva, kile kiini cha ndani kinatoka chenyewe," alijibu Fundi Saa, akaendelea kugeuzageuza kama mpishi wa harusi.

Wiki mbili kabla ya hapo, daktari aliitazama picha ya ini lake, akamtazama na yeye mwenyewe, akasema akionja pombe tena, hata ya kulamba, familia ianze kutafuta sanda. Mtu mwingine angekwenda nyumbani akalale. Fundi Saa alipitiliza hadi kilabuni, akasimama mbele ya wenzake na kutangaza kwamba hatagusa tena glasi ya mtu. Atakunywa siku atakayomaliza kutengeneza pembe yake ya kunywea, kwa mikono yake mwenyewe, na wote watakuwepo kushuhudia. Wenzake walipiga meza kwa furaha. Mkewe aliposikia alilia hadi kamasi zikamtoka. Kisha akanyamaza, akaanza kufikiri.

Kiini kilitoka. Fundi Saa akaikwangua pembe kwa kipande cha chupa, akaipiga msasa siku tano mpaka ikang'aa, akamimina nta ya nyuki ndani na kuizungusha ishike kila upande. Akaijaza maji. Haikudondosha hata tone.

Mchana ule, alipojinyoosha kidogo baada ya kula, mkewe alipasha msumari mwembamba kwenye jiko na kuichoma pembe karibu na ncha. Tsss. Akafungua madirisha yote.

Jumamosi wenzake wakaja. Fundi Bomba, mkubwa wa meza yao, ndiye aliyemimina. Pombe iliingia juu, ikatokea chini, ikaishia kwenye suruali ya Fundi Saa, na mtu aliyechungulia kutoka nje akadhani mengine.

Fundi Saa alivaa ile lenzi yake ya jicho moja, akaikagua pembe kwa utulivu wa mganga.

"Mdudu," alisema. "Kuna mdudu anatoboa pembe."

Basi ikawa ndiyo kazi. Mume anaziba, anapiga msasa, anapaka nta. Mke anapasha msumari. Jumamosi watu wanakuja na kiu yao, wanaondoka na viatu vilivyolowa. Jumamosi moja pembe ilivuja sehemu mbili, na mke, aliyejua ametoboa moja tu, akajilaumu kwa kukandamiza mno hadi ikapasuka kwingine. Mwezi wa nne macho ya Fundi Saa, yaliyokuwa ya njano kama nta yake, yalirudi kuwa meupe. Alianza kula akamaliza sahani. Mkewe kila alipopiga magoti kuomba, aliuombea na ule msumari.

Fundi Bomba ndiye aliyeishiwa uvumilivu.

"Hebu niambie, ndugu yangu. Saa ukiiziba wewe, mtu anaoga nayo, anazama nayo mtoni, anaibuka inatembea. Leo pembe ndiyo ikushinde?"

"Saa haina mdudu."

"Mdudu mwenyewe nitamwonyesha. Mimi mabomba ya mtaa huu wote nimeziba, sembuse pembe!"

Akaenda nayo kwake. Akaiziba kwa gundi ya kazini, akaijaza maji, akaitundika mlangoni kutwa nzima. Jumamosi aliirudisha kavu nje, imejaa ndani, ameibeba mikononi kama kichanga. Nyuma yake walikuja wanaume sita na mtungi.

Mke alijua amekwisha. Msumari ulikuwa jikoni, umeshaiva, lakini wanaume walijaa ukumbini na pembe ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Fundi Saa aliyamwaga maji, akaipangusa pembe, akaingia nayo chumbani kuvaa shati la sherehe. Alipotoka, wenzake walimpigia makofi.

Mkewe hakuvumilia. Alitoka jikoni mbio, akasimama kati ya mume wake na mtungi.

"Shemeji, nakuomba! Mtaniulia mume!"

"Shemeji, pembe moja tu," alisema Fundi Bomba, akamzunguka kwa heshima, akamimina.

Mke alifumba macho. Moyoni alikuwa ameshaanza kuvaa nguo nyeusi. Kisha akasikia pombe inapiga sakafu, chiriri, chiriri. Alipofumbua, pembe ilikuwa inavuja kama bafu la manyunyu, tundu tatu kwa mpigo.

Fundi Bomba aliitazama kazi yake muda mrefu. Akachukua kofia, akatoka bila kuaga. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja na mtungi wao, na yule wa mwisho akasema kwamba wao wamehama meza, na mdudu abaki na mwenyewe.

Nyumba ikatulia. Mke alipiga magoti kufuta sakafu, machozi yanamdondoka kwa shukrani. Miezi yote hii alijua hakuna mdudu, na leo alikuwa anamwamini kabisa.

"Pole, mume wangu," alisema, maana ilimbidi aseme kitu.

Fundi Saa alichuchumaa pembeni yake, akachukua tambara lingine, akaanza kufuta naye.

"Mama watoto," alisema, "ingekuwa vizuri tupange zamu. Tukitoboa wote wawili, pembe itaisha."