Mtani Wangu Kizimbani

Kiwanda kilitaka kumchukua Sikitu kikamyeyushe, maana mashine za kulea wazee zikichakaa hurudishwa. Sheria inaziachia mlango mmoja tu: mashine ithibitishe mahakamani kwamba ni mtu.

"Mheshimiwa," alisema wakili wa kiwanda, "hiki ni chombo tu, kama friji."

"Friji ya Mzee Komba imejaa ugali wa juzi," Sikitu akajibu. "Naomba nisifananishwe nayo."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akanigeukia. "Mzee, una ushahidi gani?"

Nikasimama na mkongojo wangu. Nikaeleza kwamba siku tuliyomzika mke wangu niligoma kula. Sikitu akajifunga khanga ya marehemu, akaigiza sauti yake mbele ya waombolezaji wote: "Komba, hata kwenye msiba wangu umevaa soksi mbili tofauti?" Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikala.

"Kwetu sisi Wangoni," nikasema, "anayethubutu hayo msibani ni mtani. Na nani amewahi kutaniana na friji?"

Hakimu akaamua: ni mtani, kwa hiyo ni mtu.

Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru hakimu, hata yule wakili nikampa mkono. Sikitu akarudi nami kwa hiari yake, akanipikia uji, nami nikambariki.

Kisha akaketi kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya siku hiyo.

"Mzee, si mtani huchukua atakacho nyumbani kwa mtani wake, na mwenyewe haruhusiwi kununa?"

"Ndiyo mila yenyewe," nikajibu huku nacheka.

Nikangoja naye acheke.