Mmea Uliopinda Shingo

Siku Mwanakheri alipoanza kukaa eda, aliuingiza ndani mmea wa marehemu mumewe usije ukakanyagwa na watu wa matanga waliojaa uani. Ulikuwa mdogo, umepandwa kwenye kopo, majani yake manene yamejipanga kama waridi, na ncha zake nyekundu kama kucha zilizotiwa hina.

Kabla eda haijafika nusu, wekundu wote ulikuwa umetoka. Mmea ulibaki kijani kitupu, umerefuka shingo, umeinamia dirisha. Mwanakheri akageuza kopo ili mmea utazame ukutani, aone utafanya nini. Siku chache tu ukajipinda tena kulekule, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya nje.

"Mbishi wewe," akauambia, akaugeuza tena.

Eda ilipokwisha, wifi yake Salha alikuja kumtoa. Alimkuta amekwisha kuvaa, lakini ameketi kitandani, kopo mapajani, hana dalili ya kuinuka.

"Wifi, huu nikiutoa nje, rangi yake itarudi?"

"Itarudi. Ila usiutie juani ghafla, utaungua. Marehemu kaka alikuwa akiuanzisha kizingitini, jua likiwa changa, kisha anausogeza kidogo kidogo."

Mwanakheri aliuweka kizingitini. Akavuta kigoda, akakaa nyuma ya mmea, upande wa ndani.

"Na kesho tutausogeza mpaka wapi?" aliuliza, huku akinyoosha mguu mmoja taratibu, mpaka vidole vyake visivyo na hina vikaingia kwenye mwanga.