Baki la Lugano

Siku hizo kila mtu mzima alikuwa na namba tasa yake. Mtoto akizaliwa, namba ya mama ilizidishwa kwa ya baba, na jibu, tarakimu arobaini, likachanjwa kwenye kisigino chake. Hakuna mashine ya wakati huo iliyoweza kulivunja jibu hilo, lakini ukiijua namba ya mzazi mmoja, penseli ilitosha.

Atupele alikuwa akimenya viazi, vingine viko motoni, binti yake Lugano aliporudi na kazi ya shule.

"Mama, mwalimu anataka tugawanye namba ya kisigino kwa ya mama. Isibaki kitu."

Kisu kilimponyoka Atupele. Alikuwa amemwokota Lugano kwenye matope baada ya mafuriko, miaka kumi iliyopita. Mtoto wa kuokota alipaswa kukabidhiwa serikalini, naye hakumkabidhi. Alitaka kutaja namba ya uongo, lakini binti alikwisha kuichukua kadi ya namba ya mama yake mezani.

Lugano alijaza kurasa tatu akigawanya kwa kunong'ona. Kisha akakagua mstari wa mwisho. Akaanza upya, polepole zaidi, na viazi vikaungua jikoni bila mtu kuinuka.

"Imekuwaje, mwanangu?" Atupele aliuliza.

Lugano alimtazama. Akachukua kifutio, akafuta mstari wa mwisho, akaandika sifuri.

"Imegawanyika, mama."

Atupele alimkumbatia, akausikia moyo wa mtoto ukienda mbio kama wake.

"Mwalimu huwa anazirudia hesabu zenu?"

"Zote," alisema Lugano. "Kesho asubuhi."