Viatu vya Mlimani

Picha mbili zilikuwa mezani, zote za ughaibuni: milima ya theluji, na bonde la maua. Likizo ilikuwa moja tu.

"Haya chagua, bibie," alisema Mbarouk, bado akihema kwa ngazi za nyumbani, alizozipanda akipumzika mara tatu.

Mkewe, Tunu, alikuwa ameiota ile milima tangu usichana. Akamtazama mumewe.

"Bondeni. Milima ya nini na uzee huu?"

Mbarouk aliingia chumbani, akarudi na viatu vipya vya kupandia milima, vile Tunu alivyovificha uvunguni. Akapiga magoti, akamvisha kimoja.

"Bonde halikosi kilima. Utapanda, nami nitakaa chini nikupungie mkono."

Tunu akampa mguu wa pili.