Msuko wa Tatu

Mwalimu Rukaya alimsomea Bi Shani ukurasa wa mwisho wa riwaya iliyofundishwa katika shule zote za mji ule. Ilihusu maisha ya mdogo wake Bi Shani wa kike, aliyekufa angali kijana.

"'Dada yake akaleta maji kwa ndoo,'" alisoma Rukaya. "'Mji mzima ukalia.'"

"Halafu?"

"Basi, Bibi. Ndiyo mwisho."

"Kumbe hata ndoo imetajwa, mimi jina sina." Bi Shani hakucheka. "Mji haukuwemo chumbani. Nilikuwa peke yangu. Nilimwosha, nikamfumua nywele nimsuke misuko mitatu, kama anavyosukwa maiti wa kike. Wanaume wakawa wanagonga mlango, fanya haraka, kaburi tayari. Msuko wa tatu nikauacha nusu. Nikamfunika hivyohivyo."

Rukaya alitoa kalamu. "Niandike hapa pembeni, Bibi? Wanafunzi wangu wajue."

"Wajue nini, mwanangu? Kwamba sikumaliza?"

"Kwamba ulikuwepo."

Bi Shani alikitazama kitabu. Utepe wake wa kuwekea alama ulikuwa umechakaa, nyuzi zimefumuka. Alizigawa mafungu matatu, akaanza kusuka polepole. Mlangoni mtu alipiga hodi, akapiga tena. Bi Shani hakuinuka.

"Andika," alisema.

Alisuka mpaka kwenye ncha. Hakuwa na kitu cha kuifungia, akabaki ameishika kwa vidole viwili.